Mto wa Nyuzi za Salfeti

Jumatatu, 7 Julai 2025
Kaka Kilian kashuka kutoka Mbinga na salfeti kuukuu za kahawa, yale magunia ya plastiki. Zimekaa juani hadi zinapukutika. Mama kafurahi, hata uji kausahau! Anafumua nyuzi, anasokotea kamba pajani. Hapa Mbaha mbuzi na mitumbwi imefungwa kwa kamba zake. Ila kile kikohozi chake, jamani. Jirani Notburga leo kakataa kikombe chetu, eti kifua kikuu. Mdomo wake!

Jumatano, 9 Julai
Zahanati. Mama kapimwa, si TB. Asante Mungu. Sista Tadea kasema alale kichwa juu, aongezewe mto. Mto wa ziada tuutoe wapi? Nikazoa manyuzinyuzi ya salfeti chini ya kigoda chake, laini kama pamba, nikajaza foronya na kushona. Mama kacheka hadi kakohoa — eti leo analala kama bibi harusi!

Jumamosi, 12 Julai
Kikohozi kimezidi. Nimefunga dirisha, upepo wa ziwani una baridi. Hata usipa, dagaa wetu wa ziwani, hataki. Mto wake haachi.

Alhamisi, 17 Julai
Hospitali, Mbinga. Picha ya kifua. Daktari kijana, kaanza na shikamoo. Akamuuliza mama kazi yake. Mama kamwonyesha viganja, eti kamba za salfeti, anajidai kabisa.

Daktari kasema salfeti ikichakaa inatoa vumbi la plastiki, dogo hata jicho halilioni. Ukilivuta linaingia ndani kabisa, mapafu yanavimba. Yakishaota makovu hayarudi yalivyokuwa. Kasema wataalamu bado wanachunguza, si yote yanajulikana, ila mama aache leo leo. Na tusizichome, moshi wake nao ni sumu.

Mama kauliza, niache nikae nifanye nini? Njiani mimi nawaza salfeti tu, tutazitupa wapi.

Jumapili, 20 Julai
Kilian kaziondoa salfeti zote, na kigoda. Nimepiga deki nyumba nzima. Mama kashindwa kwenda kanisani, pumzi haitoshi.

Nimerudi kutoka ibadani, nikafungua dirisha. Jua likampiga usoni. Akageuza shavu — nikaona. Vinywele vyeupe vinapaa kutoka kwenye ule mto, vinamzunguka puani. Anavivuta. Mungu wangu! Nimemshonea kwa mikono yangu hii, na siku zote hizi mto haukunijia kichwani, hata kidogo!

Nikamwambia, Mama, naomba mto. Kagoma. Eti kazi tumemnyang'anya, kigoda tumemnyang'anya, huu hautoi. Nikamweleza kilichomo ndani, nalia. Kanifuta machozi. Kasema mwanangu Vaileti hawezi kunipa kitu kibaya.

Sasa kasinzia. Kaukumbatia, pua imezama humo humo. Kanga zangu mbili nimezikunja ziwe mto, ziko tayari hapa mapajani. Nikiuvuta ataamka, na huo ndio usingizi wake wa kwanza tangu juzi.

Nasubiri ageuke upande huu, auachie. Hageuki —