Ncha za Mabawa

Southampton, Mei 1943

Mpenzi Wilf,

Mama anakusalimu. Sungura tuliyemnenepesha kwa kitoweo cha Pasaka bado yuko hai, maana Mama ameshampa jina.

Kiwandani siku hizi tunafungua ncha za mabawa ya ndege za kivita, zile Spitfire, na kuziba pale kwa kipande cha mbao. Mbao nazipiga randa mwenyewe. Wiki iliyopita rubani mmoja aliiona ndege yake akafoka, "Nani kamnyonyoa kuku wangu?"

Nikamjibu, "Mimi. Irushe kwanza, ndipo utukane."

Jana alikuja mwenyewe kuniambia kwamba ikiruka chini chini, hakuna Mjerumani anayeiweza kwa kugeuka.

Sasa hiyo barua yako. Unasema madaktari wameukata mkono wa kushoto, kwa hiyo unaniruhusu niolewe na mwingine. Nani kakuomba ruhusa, Wilf? Pete yako ya uchumba siivui.

Ni kweli, ndege iliyokatwa mabawa haipandi juu kama zamani. Lakini nani alikwambia mimi nataka kwenda juu? Jiko letu litakuwa dogo. La muhimu ni kugeuka upesi.

Kasisi nimeshamwambia: Jumamosi, tarehe kumi na mbili Juni. Njoo.

Wako, utake usitake,
Enid