Aliyechoma Miti ya Shule

Maposeni, Songea
Novemba 1994

Kaka Sixbert,

Shikamoo. Mvua zimeanza. Sweta ulilomtumia mama linambana, lakini halivui.

Siku hizi nafundisha kipindi cha dini. Niliwaambia wanafunzi kwamba kutunza alivyoviumba Mungu nako ni ibada, wakapanda miti nyuma ya shule. Mwezi uliopita moto uliiteketeza yote. Mtu alichoma pori akiwinda panya, moto ukamshinda.

Mtu huyo ni baba. Aliniambia mwenyewe, ugali ukimpoa mkononi.

Kesho yake mwanafunzi wangu Hilda akasema, "Mwalimu, tumwombee aliyechoma." Tukaomba. Sikumtaja.

Jumamosi, tulipokuwa tunapanda upya, baba akaja na jembe lake, akaanza kuchimba mashimo. Tulipomaliza, Hilda akamfuata.

"Shikamoo babu. Sasa tunamwombea aliyechoma. Utaomba nasi?"

Baba akavua kofia. "Marahaba, mjukuu wangu. Basi niombeeni."

Watoto wakatazamana. Hilda akamshika mkono wenye udongo, akafumba macho, akaanza sala.

Ukija Krismasi, usimtanie habari za panya. Ameshasamehewa.

Mdogo wako,
Odilia