Sweta la Athumani na Mfarishi wa Bibi

Jumamosi, mwezi wa Juni, 1956

Manyunyu tangu alfajiri, na upepo wa kusi unapenya hata chini ya mlango. Ngamiani nzima, hapa Tanga mjini, inalalamikia baridi. Mimi sina malalamiko. Leo nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, basi naiweka hapa.

Nianze na shida, maana bila shida furaha yangu haitaeleweka.

Dada Zuhura alikuja kujifungulia kwetu, kama ilivyo ada kwa mimba ya kwanza, akapata mtoto wa kiume, Athumani. Leo arobaini imetimia. Keshokutwa wanapanda gari la moshi hadi Mombo, kisha basi la kupanda mlima hadi Lushoto, kwa shemeji ambaye ni karani wa misitu. Dada anasema Lushoto mwezi huu ukifungua mdomo asubuhi unatoka moshi. Na huyu mtoto baridi haijui. Tangu azaliwe kazi yake ni kulala kifua wazi akipepewa.

Kwa hiyo niliahidi sweta.

Kufuma nimefundishwa shule, na mwalimu wetu Mzungu. Mpaka leo nikishika zile sindano mbili nahesabu kwa Kiingereza kimoyomoyo. Bibi aliposikia habari ya sweta hakupinga. Alisema tu kwamba mtoto wa ukoo huu hawezi kupelekwa milimani bila mfarishi wa viraka wa kumfunika usiku, na kwamba nitaushona mimi, yeye atanionyesha. Kama nina nafasi au sina, hakuuliza.

Basi nikawa nafuma asubuhi kabla ya shule, na alasiri nakaa mkekani na Bibi, kapu la vipande tulivyopewa na fundi cherehani wa mtaani likiwa katikati yetu. Kanga, shiti, marekani, hata kipande cha hariri cha koti la bwana harusi fulani. Bibi hupima kila kiraka kwa kiganja chake. Cha kiganja changu hakitaki, anasema ni kiganja cha mtu asiyekula.

Nikiri jambo. Kufuma nilikupenda kwa sababu kunanificha. Mtu akiniona nimeinamia sindano haniulizi kitu, na mimi watu wakiniuliza kitu ulimi unanifia. Viraka ni kinyume chake. Ukitandaza viraka tu, jirani anaingia, anasema hiki kisogeze huku, yule naye anakaa, na kabla hujajua mkeka umejaa. Wiki ya kwanza niliuchukia mfarishi kwa hilo. Mara moja nilisema naumwa kichwa. Sikuwa naumwa.

Halafu sijui ilikuwaje. Nikaanza kungoja alasiri ifike.

Sasa kosa lenyewe. Mwalimu hutuambia shule: uzi uwe mlegevu, sindano iteleze. Bibi naye, tangu siku ya kwanza: kaza. "Kaza, mke mwenzangu. Huo si uzi wa kutundikia samaki." Ndivyo anavyoniita, utani wa bibi na mjukuu. Nikakaza, nikakaza, hata kidole kikaota sugu mahali kofia ya subana isipofika, na mshono wangu ukanyooka mpaka Bibi akaacha kuufumua. Nilijiona fundi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mkono hauna milango miwili. Mkazo niliojifunza alasiri nilikuwa naupeleka kwenye sweta asubuhi.

Leo nyumba ilijaa wanawake. Ubani, vitumbua, chai ya tangawizi, dada ameoga na kupakwa dalia, ananukia mpaka uani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa chumba, mahali pangu pa kila shughuli. Dada akaita, "Mwanaidi, lete sweta tumvishe, watu walione."

Nikalileta. La rangi ya samli, lina mistari miwili ya kijani kifuani. Wakalipitisha mkono kwa mkono, wakalisifu, nikatazama sakafu kwa raha.

Dada akamvisha. Kichwa hakikupita.

Akajaribu tena, kwa upande. Athumani akapiga ukelele, uso mwekundu, shingo ya sweta imemkalia kwenye paji kama kilemba kilichokosewa. Bi Mwanahawa, jirani yetu, ambaye hajawahi kunyamaza penye neno, akasema, "Hili ni sweta la mtoto au la chupa?"

Chumba kizima kikacheka. Bibi akasema, "Mwacheni mke mwenzangu, ana akili huyo. Hataki mume wetu atoe kichwa akaone wanawake wa Lushoto." Wakacheka zaidi. Hata dada, naye ameshamvua mtoto, anampigapiga mgongo na machozi ya kicheko yanamtoka.

Mimi nilitaka sakafu inimeze. Sufu imekwisha, dukani hakuna rangi ile, na keshokutwa ndiyo safari. Mtoto atafika mlimani na kanga mbili na dua.

"Basi abaki nalo mdoli wa mtu," akasema Bi Mwanahawa, akanyoosha mkono alichukue.

Hapo ndipo niliposema. Sikupanga. Nilisikia sauti yangu kabla sijajua ni yangu.

"Nitalifungua begani."

Wote wakageuka. Nikaendelea hivyo hivyo, maana kunyamaza katikati kungekuwa kubaya zaidi. Nikawaeleza kwamba mbele na nyuma nimefuma mbali mbali, nikaziunga mabegani kwa sindano. Kwamba nikiufumua ule mshono wa bega moja sweta haliharibiki. Kwamba pale nitatia upapi, ukanda mwembamba wa kitambaa, na vifungo, mtoto avishwe kama anafungiwa shati.

Nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu kwa pumzi moja.

Bibi akaniuliza, "Kitambaa gani?"

Huko sikuwa nimefika, na kapuni vilibaki vijipande vya kidole tu. Akainuka, akaingia chumbani kwake, akarudi na mfarishi wetu, ambao kusema kweli bado kidogo tu uvuke nusu. Akaomba wembe. Kabla sijamzuia akafumua safu nzima ya pembeni, safu yangu ya kwanza kunyooka.

"Bibi, huo mfarishi hautakwisha."

"Mfarishi utangoja. Huyu anaondoka."

Tukakaa chini. Bi Mwanahawa, yule yule, akakata vifungo viwili kwenye gauni lake la ndani na kusema nani atamwona. Nikashona mimi mwenyewe, macho yote juu ya mikono yangu. Upapi niliukaza kama Bibi anavyotaka. Penye sufu nikalegeza.

Athumani amevaa sweta. Limempita kichwa, limemkaa, begani ana kanga nyekundu na shiti ya maua, na akalala humo humo, akitoka jasho jembamba puani kwa joto la sufu. Dada anasema hamvui mpaka amtazame kidogo.

Mfarishi umerudi nyuma sana. Nilimwambia dada samahani, nitautuma kwa mtu wa gari ukiwa tayari. Akanikatalia. "Usitume. Ulete mwenyewe likizo ya Disemba, ukae nasi." Mimi, ambaye hata muuza maandazi namnunulia kwa kumwonyesha kidole, nipande gari la moshi peke yangu, nishuke Mombo, niulize basi la Lushoto ni lipi?

Nikasema ndiyo.

Bado nashangaa. Keshokutwa watakapoondoka najua nitalia. Nikimaliza kulia nitamwomba Bibi kiganja chake, nikate viraka vya ile safu upya.