Picha Niliyokataa Kuikata

Baba Dama,

Nimempa Mama Kalume ile picha. Naanza na hilo kwa sababu hata ningelificha mwisho wa barua ungelijua tu, ulikuwa ukinitambua mara moja nikizungusha maneno. Nimempa mama wa yule kijana aliyekukata panga picha ya mwanawe, atangulie nayo mbele ya jeneza. Sasa nisikilize mpaka mwisho, maana sikumpa kwa wepesi, na sijui ungekuwa wewe ungefanyaje.

Tangu uondoke mengi yamegeuka. Dama ameanza darasa la kwanza, meno ya mbele yametoka, akicheka nakuona wewe. Mimba uliyoniacha nayo ni mvulana. Nimempa jina la baba yako kama ulivyotaka, na ukaidi pia ni wa baba yako, mchana kutwa amelala, usiku ananikeshesha. Viazi karai bado nakaanga na kuuza pale pale kwenye kona. Nyuma ya nyumba ya Bi Rukia, palipokuwa na mikorosho, pamesimama ghorofa. Jua la asubuhi halitufikii tena na nguo za mtoto hazikauki. Ungeona Kisauni sasa ungeuliza njia.

Lile katoni lako la picha ambazo wenyewe hawakuja kuchukua niliogopa kulifungua. Ulikuwa ukilisukuma chini ya kitanda ukisema, "Picha ya mtu haitupwi. Ipo siku atakuja kujitafuta." Mvua zikaingia chini ya mlango, ikabidi nilitoe. Ulizopiga wewe zilikuwa juu, alizopiga baba yako chini, zile za filamu zilizogeuka rangi ya chai. Nikafunga kamba kutoka dirisha letu hadi mlango wa Bi Rukia, nikazibana kwa vibanio vya nguo. Nilitaka zipate hewa tu. Ilikuwa Jumapili, watu waliotoka kanisani wakasimama.

Bi Rukia ndiye wa kwanza kujiona. "Wallahi huyu ni mie. Tazameni kiuno."

Mzee Fondo, yule aliyekuwa akivuta mkokoteni Kongowea, akasogea. "Bi Rukia, sisi ni watu wazima. Hicho kiuno ulikiazima kwa nani?"

"Kwa yule uliyemrudishia nywele zako."

Ungecheka, Katana. Wakaanza kuonyeshana. Hapa ndipo palipokuwa na kisima kabla hakijafukiwa. Huu ndio uwanja kabla haujazungushiwa ukuta. Hii ni barabara ya Kongowea ilipokuwa nyembamba, malori ya kutoka bara yamesimama foleni, na vibanda vya makuti huku na huku, vile vilivyopitiwa na tingatinga asubuhi moja. Dada mmoja alilia kwa kuona mlango tu, mlango wa buluu wa nyumba yao iliyobomolewa. Hakuna mtu kwenye picha ile, ni mlango. Nikambandulia akaenda nao.

Basi kila Jumapili nikawa nazitundika. Watu walitoka hadi Mshomoroni. Mwenye yake huichukua, asiye na yake husimama akasimulia.

Ile moja sikuitundika.

Unaikumbuka, mimi ndiye niliyeipiga. Nilikuwa bado nakaa na dada yangu kwenye chumba cha kupanga Bombolulu, nawe ulikuwa ukinifundisha kushika kamera ili upate sababu ya kunishika mikono. Kalume alikuwa mtoto wa miaka sita hivi, anatufuata nyuma. "Kaka Katana, nibebe nionekane mrefu." Ukampandisha mabegani ukamshika vifundo vya miguu. Nyuma yenu kuna mkokoteni wa nazi na ule ukumbi wa video uliokuja kuungua. Mtoto amefungua mdomo wote kwa furaha na woga wa kuanguka. Mamake akaagiza awekewe moja. Hakuja kuichukua.

Sasa niandike lile. Sijawahi kuliandika. Kituoni kwa polisi nililisema kwa mdomo, nikataja na jina, wakaandika wao, likaishia huko.

Walikuja jua likizama. Wengi, watoto watoto, wanaburura mapanga kwenye lami ili tusikie. Milango ikafungwa. Mimi nikavuta karai ndani, mafuta yakanimwagikia mguuni, kovu lipo. Wewe ulikuwa umetoka kupiga picha za ubatizo, begi begani, ndio unafika kona. Nafasi ya kukimbia ulikuwa nayo. Niliiona kwa macho yangu. Lakini ukamtambua mmoja chini ya kofia ya sweta, ukafanya vile tulivyolelewa sote huku: mtoto wa mtaa akipotoka, muite kwa jina lake na jina la mamake, ataona haya. Ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unayemtuma dukani, "Kalume wa Kadzo, weka hilo panga chini twende nyumbani."

Zamani mtoto akiitwa hivyo alilia. Huyu alijua tu kwamba amejulikana.

Alikukata shingoni. Kisha begani. Kisha wengine wakaja juu yako kama watu wanaofyeka shamba, na nilisikia, Katana, nilisikia mfupa. Nilipiga mayowe, hakuna mlango uliofunguka. Kamera wakachukua. Nilipokufikia ulikuwa umejishika shingo kwa mikono yote miwili, unanitazama, unataka kuniambia kitu. Damu ndiyo iliyotoka. Nimekaa na ile sura yako tangu siku hiyo na bado sijui ulitaka kusema nini.

Mama Kalume hakuja matangani. Nyumba chache tu kutoka kwetu. Akiniona njiani anavuka ng'ambo, nami nilimwacha avuke.

Mwezi huu wakampata mwanawe. Yeye na genge lake walivamia duka upande wa Bombolulu, wenzake wakakimbia, yeye akaanguka. Watu wakampiga mawe, wakamvisha tairi. Niliambiwa nikimenya viazi. Nilienda, mtoto mgongoni. Sitakudanganya, nilienda kufurahi. Nilitaka kumwona anaungua akiwa bado anajua kwamba anaungua. Nilikuta ameshaisha. Kilichokuwa kinafuka ni kitu kidogo, kimejikunja kama mtu aliyelala na baridi, na wanaume walikuwa wanakisogeza kwa mti ili moto ushike vizuri. Mmoja akawa anauliza nani ana petroli nyingine. Nilisimama hapo. Furaha niliitafuta, sikuipata. Huruma nayo sikuipata. Nikarudi, nikamalizia viazi vyangu, na ile harufu ikakaa kwenye mafuta siku nyingi.

Jumapili iliyofuata Mama Kalume alikuja kwenye kamba. Watu wakampisha wote, hata Mzee Fondo aliyekuwa katikati ya uongo wake. Akapita picha moja moja akizigusa kwa kidole. Alipofika mwisho akasema, bila kunitazama, "Mama Dama, kuna moja niliagiza."

Nikamwambia hakuna.

"Ipo. Katana hakuwa mtu wa kutupa."

Akanieleza. Picha zake za zamani zilienda na nyumba ilipobomolewa. Za karibuni zilikuwa kwenye simu ya kijana, na simu imeungua naye. Anampeleka kwao Kaloleni kumzika. "Nyanyake hajamwona tangu yuko hivi," akaweka kiganja usawa wa goti. "Na jeneza halifunguliwi. Ataniuliza nimemletea nani. Nitamjibu nini? Watasema nimekuja kuzika makaa."

Nawe unajua kwetu, picha hutangulia, maiti hufuata. Asiye na picha huzikwa kama mtu aliyeokotwa.

Niliingia ndani nikaitoa chini ya godoro. Nia yangu, Baba Dama, ilikuwa niichome mbele ya macho yake. Jiko la pale mlangoni lilikuwa na makaa mekundu. Niliishika juu yake mpaka ncha ikaanza kujikunja. Alisimama anaangalia mkono wangu, basi. Kilichonizuia si yeye. Uliyekuwa unaanza kuungua ni wewe. Ulikuwa upande wa chini.

Nikaitoa motoni. Akavuta pumzi, akasema, "Ikate. Nipe upande wa mtoto, wewe baki na mumeo. Yule kijana wa studio ataiweza."

Nikaitazama. Ikatwe wapi? Ukiondolewa wewe, mikono yako inabaki imeshika miguu yake, mikono miwili isiyo na mwenyewe. Na wewe ulishakatwa.

"Haikatwi," nikamwambia. "Utaichukua nzima au utaiacha."

"Mama Dama, watu watasema nini nikimzika na..."

"Watasema kweli."

Akaondoka bila kitu.

Bi Rukia alinijia juu. "Mwanangu, maiti hana adui. Mpe mwenzio amzike mwanawe." Mzee Fondo naye akasema angekuwa yeye angeichana vipande akamtupia usoni. Wakagombana wao kwa wao mpaka mtoto wangu akaamka analia. Nikawaambia picha ni yangu na mume ni wangu, waende wakale.

Usiku ule niliwaza mengi mabaya. Niliwaza, na asipate. Mimi nilikuzika wewe nimeziba shingo yako kwa leso ili mama yako asione, yeye kwa nini azike kwa heshima? Nilimchukia hata yule mtoto wa kwenye picha, mdomo wake wazi, na nilijua yule hajafanya kitu bado. Hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. Kwenye picha hajafanya kitu. Anaogopa tu kuanguka, na wewe umemshika.

Asubuhi yake Mama Kalume alirudi peke yake. Nilikuwa nawasha moto wa viazi. Hakupiga hodi. Alipiga magoti pale pale kwenye kona, ulipoangukia, akasema, "Pole, Sidi. Pole kwa Katana. Nilijua ni mwanangu siku ile ile, damu ilikuwa kwenye viatu vyake. Nilivifua. Nilishindwa kuja."

Nikangoja aseme kwamba alikuwa mtoto mzuri, au kwamba ni marafiki walimponza. Angelisema hilo ningemfukuza. Hakusema. Alisema, "Nipe nzima."

Nikampa. Sikumwinua, Katana. Aliinuka mwenyewe.

Siku ya kumtoa nilisimama kando ya njia, sikwenda kulia, nilikwenda kuhakikisha. Jeneza likatoka uchochoroni, na mbele yake Mama Kalume ameikumbatia, imekuzwa, imetiwa fremu. Nzima. Wewe unacheka, yeye amefungua mdomo, na pale chini ile ncha nyeusi niliyoiunguza imetokea pia. Watu walikutambua. Wengine walikuwa wamekuzika wewe.

Wale wenzake Kalume walikuwepo, wameegemea ukuta wa ghorofa, kofia zimefika machoni. Mmoja akasema kwa sauti, "Na huyo punda aliyembeba ni nani?" Wakacheka.

Mama Kalume akasimama. Wabeba jeneza wakakumbana nyuma yake. Akaigeuza picha ikawaelekea wao.

"Ni Katana, mpiga picha. Alimbeba mwanangu, na mwanangu akamuua. Na nyinyi mlikuwepo."

Mmoja wao alitema mate, ila alitema chini, miguuni pake mwenyewe. Jeneza likaendelea. Mimi nikakaa kwenye jiwe, nikalia huko nilikokuwa nimesema sitalia. Nililia kwa sababu kuna mtu amelisema kwa sauti, barabarani, mchana. Mimi nilikuwa nimelisema kituoni tu, kwa watu waliokuwa wanapiga miayo.

Kesho yake nikakuta mlango wetu umekatwa. Alama moja ya panga, ndefu, kutoka kwenye komeo hadi chini. Dama aliuliza ni nani ameukwaruza. Nikamwambia ukweli kiasi cha umri wake. Bi Rukia ana nduguye Likoni mwenye chumba, na nimekubali tuvuke kwa feri tukakae huko. Mimi peke yangu ningebaki, wallahi ningekaa pale kona na kisu cha viazi. Lakini nina wawili, na huyu mdogo ndio anaanza kusimama dede. Picha zilizobaki nimemwachia Bi Rukia, atazitundika yeye. Mzee Fondo amesema atakaa chini ya kamba kuzilinda. Bi Rukia akamjibu kwamba picha zitamlinda yeye.

Nakuaga sasa, mume wangu, maana mtoto ameshaanza kuhangaika. Kalume sijamsamehe. Mamake, nadhani nimemsamehe, ingawa nikikutana naye kesho sijui uso wangu utakuwaje. Mama yako ameniambia kaburi lako huko Rabai limemezwa na majani. Watoto wakishazoea Likoni nitakuja. Nikiwa nimeweza kumsamehe Kalume nitakwambia hapo hapo, kwa mdomo wangu. Nikiwa sijaweza, nitakuja vilevile, nipalilie.

Mkeo,
Sidi