Mama Alivyofunika Kabati la Makumbusho kwa Kanga

Hounslow, London, Jumatatu ya mapumziko, Mei 2006. Mvua tangu alfajiri, na mimi nimechoshwa na watu wangu wote.

Tumerudi jana kutoka Ufaransa. Safari ilikuwa ya Salma, binti yangu, anayeolewa mwezi ujao. Aliwahi kufundisha Kiingereza mwaka mzima Briare, mji mdogo wenye mfereji uliopitishwa darajani juu ya mto, mashua zinaelea huko juu na watu wanapiga picha. Akashikilia kwamba lazima bibi yake auone. Heritage, heritage, yaani urithi wa kale, hana neno jingine.

Bibi mwenyewe ni mama yangu, amekuja kutoka Unguja kwa ajili ya harusi. Chini ya sanduku lake kuna kifuko cha shanga za kiunoni alizopewa na somo yake, kungwi aliyemfunda alipokuwa mwari. Amekuja nazo amvishe Salma. Salma aliposikia tu akakunja pua: "Mum, no way." Tangu hapo Mama kanuna, na mimi niko katikati.

Daraja zuri, sikatai. Kosa letu ni kuingia makumbusho.

Kumbe mji ule ulikuwa na kiwanda cha vifungo na shanga, na shanga zilikuwa zikipelekwa mpaka Afrika. Kabati zima la kioo, kamba kwa kamba, nyeupe, nyekundu, samawati. Mama akaganda.

"Jamani, mambo ya kiunoni haya! Na wanaume wanapita!"

Akatoa kanga yake ya kusalia mkobani, akalifunika kabati.

Mlinzi akaja mbio. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Salma akamweleza kwa Kifaransa, akionyesha kiunoni kwa mikono, kila kitu. Yule baba akaiva uso mpaka masikio, akaiacha kanga pale pale mpaka tulipoondoka.

Ndani ya basi, tulipokaribia bandari ya Calais, Mama akanivuta mkono.

"Zuhura, kwa hiyo kitu alichonipa somo yangu kimetoka kiwanda kimoja na vifungo vya mashati?"

Nikamwambia sijui, pengine zake zimetoka kwingine. Akasema akifika atazitupa. Nilikasirika karibu nilie. Umri wote amezitunza, leo anajiona amedanganywa, na mimi ndiye niliyekata tiketi!

Leo mchana Salma akaingia jikoni, akasimama mbele ya bibi yake na Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Bibi, usitupa. Wale najua kutengeneza. Kuvaa hawajui. Fundisha mimi."

Mama akafuta mikono, akamshika mkono, wakapanda juu. Nikawafuata na sinia la chai, moyo umenitulia kwa mara ya kwanza wiki hii.

Mama akanigeukia mlangoni. "Wewe unakwenda wapi? Mama mtu haingii."

Akafunga.

Najua, ndiyo mila, mambo hayo mama hamfundishi mwanawe. Lakini nyumba yangu, safari yangu, aibu yangu, halafu nabaki kwenye ngazi chai inapoa! Huko ndani shanga zinalia, na wawili hao wanacheka mpaka wanakohoa.

Siku nilipofundwa mimi, aliyefungiwa nje ni yeye Mama. Hivi na yeye alisimama hivi hivi, sinia mkononi, anasikiliza?