Shahidi wa Kura ya Madam

Mama, shikamoo. Joto la huku Dubai, hata bomba la maji baridi linatoa ya moto.

Leo madam, yule Mmarekani ninayemfanyia kazi, amepiga kura ya kwao hapa hapa jikoni, aitume kwa posta. Alimpa mumewe mgongo asione. Vyama vyao tofauti, chai birika moja. Bahasha ilitaka sahihi ya shahidi, akaniita mimi. Nikafuta unga mikononi, nikasaini.

"Na ninyi mlio huku mnapigaje?"

"Mpaka turudi Tanzania, madam."

Akaichukua bahasha yake.

Mama yangu, Mungu akutunze. Kadi yangu ya mpiga kura imo sandukuni mwako. Siku ya uchaguzi ifunge kwenye pindo la kanga uende nayo. Najua haitapiga. Angalau ifike kwenye foleni.

Mwanao, Zuhura