Mikaratusi ya Chemchemi

Butembo, Jumamosi usiku

Wivu si husuda. Hasidi hutamani mwenzake apoteze alicho nacho. Mwenye wivu huchelea kunyang'anywa kilicho chake. Kwa maana hiyo, leo nimeona wivu, tena juu ya mwalimu wa shule ya msingi, ambaye watoto humwita Madame.

Wanafunzi wake wa mwaka wa nne wameng'oa miche ya mikaratusi iliyoizunguka chemchemi ya Mususa, kwa sababu mti huo hunywa maji mengi. Chuoni nimelifundisha jambo hilo kwa miaka, wala sijaona mwanafunzi akishika jembe.

Binti yangu Masika, mmoja wao, alirudi na matope hadi magotini.

"Papa, unajua kama kalitusi inakunywaka mayi? Madame njo alituambia."

"Nilikuambia mimi, hapa hapa mezani."

"Mais papa, we ulisemaka tu. Madame aliingia na sisi mu matope!"

Mama yake alicheka. Mimi sikucheka.

Chemchemi itapona, nami nafurahi kweli. Ila...

Jumamosi ijayo watapanda miti ya asili, na wazazi wamealikwa. Nikienda, nitakuwa baba yake Masika, au mwanafunzi mwingine wa Madame?